Upinde Mrefu kwa Mtu Mrefu

Watu wakiniuliza Dubai nilikuwa nafanya kazi gani, nikiwajibu nilikuwa nauza pinde, wanacheka. Wanadhani natania. Waliolea watoto wa madam wanaeleweka, waliobeba zege wanaeleweka, ila mwanamke muuza pinde, aa, huyo mwongo. Basi mwongo ni mimi. Nilisimama miaka minne katika duka la vifaa vya uwindaji pale Oud Metha, nimevaa fulana nyeusi yenye kola, nikiwauzia wanaume pinde za roda.

Upinde wa roda si ule wetu wa mti na mshipa wa mnyama. Huu ni wa chuma chepesi, na kila ncha ina gurudumu dogo linalopitisha kamba, kama lile la kuvutia ndoo kisimani. Ukiuvuta mwanzo ni mzito kweli kweli, ukifika mwisho uzito unapungua ghafla, unaweza kukaa umelenga hata ukahesabu kumi. Ziko ndefu na ziko fupi. Mrefu unatulia mkononi, mkono ukitetemeka kidogo hausemi. Mfupi ni mwepesi kupitisha vichakani, lakini mkono ukikosea kidogo tu, mshale unakwenda kukutangaza. Wateja wengi walikuwa hawajui wachukue upi, na mimi ndiye niliyelipwa mshahara ili nijue.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya baba. Meneja wetu, Mhindi mmoja mtu mzima, mpole, aliniuliza siku ya usaili baba yangu alikuwa anafanya nini, nikamwambia alikuwa anachonga pinde. Ukweli mtupu. Tangu siku hiyo kila mteja akiingia aliambiwa, "Huyu ametoka katika ukoo wa wawindaji." Wawindaji! Baba alichonga, hakuwinda. Aliyewinda ni kaka yangu. Mimi nilikuwa mtoto wa uani, kazi yangu ilikuwa kushikilia mti baba akipima. Porini sikukanyaga, kwetu mwanamke haendi. Kwa hiyo nilijua upinde unavyokatwa, lakini unavyotumika sikuwahi kuona.

Kwetu, huko bara ya kati, upinde hupimwa kwa mwili wa mwenyewe. Mtu anavua viatu, anasimama wima, baba anausimamisha mti kwenye kidole gumba cha mguu wake, na unapofika kwenye nyusi ndipo unapokatwa. Mtu mrefu, upinde mrefu. Ule mfupi ni wa watoto, wa kufukuzia ndege mashambani. Ukimpa mwanamume mzima upinde mfupi umemtukana, na umemtukana mbele ya mke wake. Namkumbuka mzee mmoja aliyekatiwa upinde ukapungua vidole viwili tu. Kuanzia palizi mpaka mavuno hakuitikia salamu ya baba.

Meneja hakujua hayo, na yeye alikuwa na sheria yake moja. Aliniambia wiki ya kwanza, akairudia mpaka nikaichoka: kabla hujaushusha upinde ukutani, muulize mteja atakaa wapi akipiga. Kama atatembea uwandani, mpe mrefu. Kama atajificha juu ya mti au ndani ya kibanda cha turubai, mpe mfupi, kwa sababu mle ndani hakuna nafasi ya kuuinua ule mwingine. Swali moja tu. Mtoto wa darasa la pili angelikumbuka.

Mwaka wangu wa tatu dukani, kaka yangu akakamatwa. Wifi yangu, mke wake, alinipigia simu analia mpaka nikamwambia anyamaze kwanza anieleze. Pori tulilokulia kandokando yake serikali ilikuwa imelikodisha kwa kampuni ya uwindaji, likawa kitalu: wageni wanakuja na vibali vyao, wanawinda, wanaondoka na pembe. Kaka hakuwa na kibali. Askari wawili wa kampuni walimkuta na paja la tandala begani na upinde wa baba mkononi. Nitasema alivunja sheria, ndiyo, alivunja, sina la kubisha. Lakini babu yangu alikula tandala wa pori lile na hakuna aliyemwita mwizi. Wakamweka mahabusu, akiwa na watoto watatu nyumbani, wa mwisho bado ananyonya.

Miezi ikapita. Kila wifi akipiga ni lile lile: "Kesi imeahirishwa tena, wifi." Niliona mahakama inamtesa makusudi, inamwacha aoze mle ndani bila hata kumhukumu. Sikumuuliza kesi inaahirishwa kwa nini. Simu zenyewe zilikuwa za kukatikakatika, na nikishasikia neno "imeahirishwa" sikutaka kusikia zaidi. Nilikuwa nalia chooni, kwa sababu chumba chetu kule Al Mankhool tulilala sita na hapakuwa na pembe ya kulilia.

Siku moja baada ya sala ya alasiri akaingia mteja. Mwanamume wa makamo, mrefu hasa, kanzu nyeupe imenyooka, mikono mirefu kama ya mcheza kikapu. Mpole, anasalimia mpaka mfagizi. Meneja akampa kahawa na ule wimbo wake wa ukoo wa wawindaji. Yule bwana akanigeukia kwa furaha.

"Unatoka nchi gani, sista?"

"Tanzania, sir."

"Tanzania! Wallahi, mimi nakwenda Tanzania mwezi ujao. Tandala. Kwa bunduki nimeshapiga, sasa nataka kwa upinde."

Nikamuuliza anakwenda upande gani. Akautaja mji, akautaja na mto. Jamani, mto ule niliuogelea mimi. Kitalu anachokwenda ni kile kile, kampuni ile ile. Nikashika kaunta. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi hapo nilikuwa nimeshakunywa maji mengi.

Yeye mwenyewe aliuchukua mfupi. Naomba hilo lieleweke vizuri. Aliushusha ukutani kwa mkono wake, akaugeuzageuza, akasema ni mwepesi, ameupenda. Nami nikauona mkononi mwa lile jitu nikaona aibu kwa niaba yake. Nilimwona mtu mzima kashika upinde wa kufukuzia ndege. Na zaidi ya aibu, nilitaka anipende, nitasema tu. Nilitaka akitoka pale aone hakuna aliyewahi kumhudumia vile.

"Hapana, sir," nikamwambia. "Huo si wako. Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, sir. Kwetu ndivyo tunavyompima mwanamume."

Akacheka, akavua kubadhi zake, akasimama peku kwenye zulia la duka. Nikaupandisha ule mfupi kwenye kidole gumba chake, haukufika hata kiunoni. Nikaweka ule mrefu kuliko yote tuliokuwa nao, ukapita kiuno vizuri. Mpaka kwenye nyusi hakuna upinde wa roda unaofika, hilo nilijua, lakini mchezo ulikuwa umenoga na wateja wengine wamesimama kutazama. "Umeona?" nikasema. "Mtu mrefu, upinde mrefu. Baba yangu angekukatia huu." Akaupokea kwa mikono miwili.

Tulikuwa na uwanja mdogo wa shabaha nyuma ya duka. Akapiga mishale mitatu kwa mrefu, ikakaa pamoja, unaweza kuifunika kwa kisahani cha chai. Akajaribu mfupi, ikatawanyika. Mikono yake ilikuwa mirefu mno kwa ule mfupi. Kwa hiyo sikumdanganya, mnaona? Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nilichokosa ni lile swali.

Alipokuwa anasubiri upinde ufungwe ndipo nikamwambia habari za kaka. Sheria ya pili ya duka ni kwamba mteja haelezwi shida zako, nayo nikaivunja siku hiyo hiyo. Nilimwambia yote, la kibali, la paja la tandala, watoto watatu, miezi mahabusu. Akanisikiliza kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Mwenye kampuni ile ni rafiki yangu sana," akasema. "Inshallah nikipata tandala wangu, nitamwambia neno juu ya ndugu yako."

"Hata usipompata, sir."

Akacheka. "Yalla, niombee nimpate."

Alipoondoka meneja alikuja akasimama karibu yangu. Hakupandisha sauti, hakuwahi kupandisha sauti. "Umemuuliza atakaa wapi?"

Nikamwambia yule ni mtu mrefu, na mishale yake umeiona.

"Mpigie umuulize. Namba iko kwenye fomu."

Nilichukua simu. Nikaibonyeza ile namba mpaka tarakimu ya mwisho, nikaifuta. Nilifikiri: nikimpigia atajua sikuwa na uhakika. Ataurudisha upinde, atakasirika, na ahadi yake itakwenda na maji. Nikamwambia meneja nimempigia, atatembea uwandani. Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu.

Katika chumba chetu nilikuwa na rafiki mmoja, Mkenya wa mapokezi hotelini, mdomo wake haukuwa na breki. Nilipomsimulia alikaa kitandani akanitazama.

"Ati umeambia mteja? Mambo ya bro yako?"

"Ni mtu mzuri."

"Sijasema ni mbaya. Nasema huyo ameenda holiday. Mtu akienda holiday habebi kesi za watu. Yaani hope yako yote iko kwa mguu wa mnyama, wewe msichana?"

Nikamtukana, akacheka, tukala ugali wetu. Lakini ilikuwa hivyo hivyo alivyosema. Ijumaa kanisani, maana kule ibada kubwa ni Ijumaa, wenzangu wanaombea makaratasi na wagonjwa, mimi namwomba Mungu tandala asimame ameuonyesha ubavu. Nilimwomba upepo usimpelekee mnyama harufu ya yule bwana. Nilimwomba mnyama wa watu afe, tena afe vizuri, kwa mshale mmoja. Sijui huko juu ombi langu liliwekwa fungu gani.

Wifi akapiga. Safari hii hakulia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mashahidi wamekuja," akasema.

Mimi, kwa ujinga wangu, nikamwambia afadhali, sasa kesi itasogea.

"Afadhali nini, wifi? Wewe unajua unachosema?"

Ndipo akanieleza kile ambacho sikuwahi kumuuliza. Kesi ilikuwa inaahirishwa kwa sababu wale askari wawili hawakuwa wanakuja mahakamani kutoa ushahidi. Kila ikitajwa, upande wa mashtaka unaomba siku nyingine. Hakimu alishachoka. Mara ya mwisho alisema wazi mbele ya watu: wasipokuja tarehe ijayo anaifuta, mtu aende nyumbani. Kila "imeahirishwa" niliyoililia chooni ilikuwa hatua moja ya kaka kutoka. Wifi alikuwa amempelekea suruali na shati safi siku hiyo, nguo za kutokea. Wakangoja. Saa nne gari la kampuni likaingia, wakashuka askari wawili wenye sare zilizopigwa pasi. Wakasema yote. Upinde wa baba ukaletwa umefungwa karatasi yenye namba, ukawekwa mezani. Wifi akarudi nyumbani na nguo kwenye mfuko.

"Nani amewakumbusha?" nikamuuliza.

"Mungu ndiye anajua."

Siku nne baadaye yule bwana akaingia dukani na upinde wake kwenye mkoba. Alisalimia wote kama kawaida, akauweka mkoba juu ya kaunta. Hakunipigia kelele. Bora angenipigia.

"Nilikaa kwenye kibanda, sista," akasema. "Kibanda kidogo cha turubai, karibu na maji. Siku tano. Siku ya tano akaja, mkubwa, pembe hivi. Nikauvuta, ncha ya juu ikagonga paa. Mshale ukampiga pajani. Tumefuata damu siku mbili, hatukumpata. Na kwao ukishamwaga damu, khalas, umehesabiwa umeua. Nimerudi mikono mitupu."

Nilimwona meneja anasimama nyuma yake. Alinitazama mara moja tu, akaenda kupanga glavu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilisema pole, sir, samahani, sir. Nikamfikiria na yule mnyama, mshale pajani, anakufa polepole kwenye kichaka fulani bila hata kuliwa. Halafu, sina haya, nikauliza.

"Na kaka yangu, sir?"

Uso wake ukachangamka. "Ndugu yako! Wallahi sikumsahau. Tulikuwa tunakula, nina hasira, nikamwambia rafiki yangu: unajua nani amenichagulia upinde huu? Dada wa yule mwizi wako wa tandala! Tukacheka sana, usinune. Ndipo akawaita askari wake, akawauliza ile kesi imefikia wapi. Wanasema hawajaenda hata siku moja, hakuna usafiri, nini, nini. Akakasirika. Rafiki yangu hapendi kazi nusunusu. Akawapa gari, akawaambia tarehe ijayo lazima."

Nilishika kaunta.

"Sasa itakwisha upesi, inshallah," akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu aliyekuletea zawadi. "Kukaa ndani bila hukumu ni kubaya. Nilisema nitazungumza, nikazungumza."

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Cha mwenye mdomo, sawa. Ila hapa ulioponza ni mdomo wangu, na kichwa ni cha kaka. Nilitaka kupiga ukunga pale pale. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Ahsante, sir." Kweli nilisema ahsante. Halafu akaniomba nimwonyeshe tena ule mfupi, kwa ajili ya mwaka ujao, nikaushusha ukutani, nikamrekebishia mvuto wa kamba ulingane na mikono yake, nikamtafutia na glavu ya saizi yake.

Kaka alihukumiwa mwezi uliofuata. Miaka yenyewe sitaki kuitaja. Yule aliyekuwa ananyonya, baba yake akitoka atamkuta anaota ndevu. Mkenya aliponiuliza imekuwaje nilimwambia amefungwa, basi. Sikumwambia kwa nini. Sikumwambia mtu yeyote.

Likizo yangu ilipofika nikaenda nyumbani, nikaenda na gerezani. Walitupa dakika chache, wavu katikati, askari amesimama pembeni anachokonoa meno. Kaka alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, lakini alicheka aliponiona, akaniambia Dubai imenipendeza. Aliuliza habari za watoto, nikampa. Halafu akasogea karibu na wavu.

"Kuna kitu kinanila, mdogo wangu. Wale askari hawakuwa wa kuja. Mmoja ni kijana wa kwetu, aliniletea salamu kabisa mle mahabusu kwamba hawaji, nitulie. Sasa kuna mtu alikwenda kuwachongea kwa bosi wao."

Niliangalia vidole vyake kwenye wavu.

"Nimefikiri usiku na mchana, nimeshamjua. Ni shemeji. Kaka yake mke wangu. Tuligombania mpaka wa shamba mwaka ule. Ni yeye tu."

Shemeji huyo ndiye aliyekuwa anawalisha wale watoto. Tangu kaka akamatwe, gunia la mahindi likiingia nyumba ile limetoka kwake.

"Hapana, kaka," nikasema. "Huyo hawezi."

"Wewe uko mbali, hujui watu. Nimeshamwambia mke wangu asikanyage tena kwao, wala watoto wasile cha kwao. Amelia, lakini ametii. Kama si yeye, ni nani? Hebu niambie wewe."

Alinitazama akingoja nimjibu. Askari akasema muda umekwisha. Nilikuwa nayo dakika nzima, labda na nusu, maana yule askari hakuwa mkali.

"Dunia ina watu wabaya, kaka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru kwa kuja.